Dakika kumi za bluu: kupiga picha ya KICC na minara ya Nairobi jioni za baridi

Julai ikifika, wapiga picha wengi wa Nairobi huweka kamera kabatini wakingoja Septemba. Anga ni ya kijivu, jioni kunanyunya, na ukichungulia dirishani saa kumi na moja unaona hakuna cha kupiga. Lakini miezi hii ya baridi, Juni hadi Agosti, ndiyo inayotoa picha nzuri kuliko zote za minara ya jiji. Mawingu ya chini hurudisha mwanga wa taa, mvua za rasharasha huacha lami ikimeremeta, na anga inapogeuka bluu haina weupe mkali wa Januari. Kinachowashinda watu ni saa. Wanafika wakati jua linazama, wanapiga, wanafungasha na kukimbilia matatu, kumbe picha waliyoifuata ilikuwa inakuja dakika kumi na mbili baadaye.

Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hapa halitelezi kwa mshazari. Linadondoka karibu wima. Katikati ya Julai linazama saa 12:38 jioni hivi, na kufikia saa 1:01 liko digrii 6 chini ya upeo wa macho, mwanga wa jioni umekwisha. Kaskazini mwa Ulaya, mwezi huo huo, mpiga picha ana karibu saa nzima ya kubadilisha lenzi na kujaribu pembe tofauti. Wewe una dakika 23. Ndani ya hizo, mwanga wa anga unapungua kwa nusu takriban kila dakika tatu, ilhali taa za majengo zinabaki vile vile. Ni kanuni ile ile ya mnara wa taa wa baharini: taa haibadiliki, anga ndiyo inayobadilika, na kazi yako ni kubonyeza pale viwili hivyo vinapolingana. Kwa KICC, jengo la mikutano la Kenyatta katikati ya jiji, na majirani zake, kulingana huko hutokea kati ya saa 12:50 na saa 1:00. Dakika kumi. Kila kinachofuata hapa ni maandalizi ya dakika hizo.

Jua la Julai linazama wapi

Wengi hudhani jua linazama juu ya vilima vya Ngong. Hiyo ni Desemba. Ukiwa katikati ya jiji, Ngong iko kusini-magharibi, wakati jua la mwishoni mwa Juni linazama kwenye dira ya digrii 293, upande wa Kikuyu. Mwishoni mwa Julai limerudi hadi 288, na mwisho wa Agosti liko karibu 279. Kwa kuwa nyanda za Kikuyu ziko juu kuliko jiji, jua hupotea dakika tatu au nne kabla ya saa inayoandikwa kwenye simu. Panga kwa saa ya simu, ila usishangae likikuwahi.

Mwelekeo huo unakupa picha mbili tofauti kabisa. Ukisimama magharibi mwa jiji, jua liko mgongoni na minara iko mbele yako ikiwaka dhahabu. Ukisimama kusini-mashariki, upande wa stesheni ya reli na kuendelea Industrial Area, mnara uko kati yako na jua, na unapata kivuli cheusi juu ya anga nyekundu. Jua zima lionekane mgongoni mwa mnara? Basi lazima uhesabu. Jua lina upana wa nusu digrii, yaani mita 9 kwa kila kilomita iliyo kati yako na jengo. Ukiwa mita 600 kutoka KICC, yenye urefu wa mita 105, jua litaonekana kama sahani ndogo ya mita tano na nusu ubavuni mwa jengo, na litakuwa kwenye kimo cha paa dakika 40 kabla ya kuzama, bado kali mno. Ukirudi nyuma hadi kilomita 3, duara linafikia mita 27, linagusa paa dakika nane au tisa tu kabla ya kuzama, na limeshapoa. Kwa hiyo picha ya jua kubwa nyuma ya mnara hupigwa kutoka mbali, kwa lenzi ya milimita 300 kwenda juu, kutoka ghorofa ambalo halizibwi na majengo ya katikati. Usitazame jua kupitia tundu la kioo la kamera ya DSLR (ile yenye kioo ndani). Tumia skrini ya nyuma.

Kwa anayeanza, shikilia upande wa magharibi. Ni rahisi zaidi, na siku za mawingu ndizo hasa unazozihitaji huko.

Mahali pa kusimama

Mteremko wa juu wa Uhuru Park, na majengo ya mitaa ya Community na Upper Hill yaliyo nyuma yake, yanatazama jiji moja kwa moja. Shida iliyoingia ni barabara ya juu, ile Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Ukisimama chini karibu na Uhuru Highway, inakata majengo kiunoni kama mshipi wa zege. Panda. Kila mita unayopanda inaishusha barabara hiyo kwenye fremu, hadi inageuka kutoka kizuizi kuwa mstari wa mwanga unaoongoza jicho. Jambo zuri ni kwamba magari ya juu hukimbia hata pale ya chini yamekwama kwenye jamu, kwa hiyo mistari ya taa za juu hutoka safi. Magari yaliyosimama hayatoi mistari, yanatoa madoadoa.

Kutoka hapo juu KICC iko karibu kilomita moja. Kwa kamera ya sensa kubwa iliyosimamishwa wima, lenzi ya milimita 200 inalifanya jengo lijaze zaidi ya nusu ya kimo cha picha. Milimita 85 inaliweka pamoja na majirani zake na kuacha anga ya kutosha. Lenzi pana ya milimita 24 ndiyo wengi hukimbilia, nayo hufanya jiji zima kuwa kamstari kembamba chini ya wingu kubwa. Iache nyumbani.

KICC yenyewe, iliyofunguliwa 1973 ikiwa na ghorofa 28, ina ngozi ya rangi ya udongo. Rangi hiyo hunywa dhahabu ya jua kwa dakika chache, kisha hugeuka nyeusi ghafla kabla ya kuokolewa na taa. Minara ya vioo ya Upper Hill, kama Britam wenye mita 200 na UAP Old Mutual wenye mita 163, hufanya kinyume: huakisi anga na kubaki na mwanga muda mrefu zaidi. Ukiweka aina zote mbili kwenye fremu moja, pima mwanga kwa KICC, la sivyo itazama gizani.

Paa na ghorofa za juu ni bora kuliko bustani, lakini zinataka ruhusa ya mapema. Zungumza na meneja wa jengo siku mbili tatu kabla, mweleze ni nusu saa tu, jioni, watu wawili. Mlangoni, tripodi ndiyo inayomshtua askari, si kamera. Ikiwa imekunjwa ndani ya begi, na ukaanza na "Habari ya jioni, mkubwa, naomba nisimame hapa nusu saa, meneja anajua," kazi imekwisha. Usielekeze lenzi kwenye balozi, vituo vya polisi au kambi. Kazi ya biashara ina vibali vyake, na ndege isiyo na rubani haipai kamwe bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hasa kwa kuwa Uwanja wa Wilson uko karibu na Upper Hill. Kama uko bustanini, muulize askari wa lango saa ya kufunga kabla hujatandaza vitu, na nendeni wawili au watatu. Mmoja anapiga, mwingine anatazama nyuma.

Ukilazimika kupiga kupitia dirisha, zima taa za chumba, gusisha ukingo wa kofia ya lenzi (ile pete ya mbele inayozuia mwanga wa pembeni, si kifuniko) kwenye kioo, kisha uzungushie lenzi sweta jeusi bila kuacha upenyo. Taa moja tu ya dharura nyuma yako, ile ya kijani juu ya mlango, inatosha kuandika neno zima juu ya anga lako.

Kusoma mawingu saa kumi

Mawingu ya Julai ni blanketi la chini linalosukumwa na upepo wa kusini-mashariki kutoka Bahari ya Hindi. Asubuhi hulala juu ya jiji zima. Siku nyingi hupasuka mchana, halafu hujifunga tena jioni. Saa kumi alasiri toka nje, tazama upande wa Kikuyu, chini kabisa, si juu ya kichwa chako. Ukiona ufa wa njano au mweupe kati ya wingu na ardhi, hata ukiwa mwembamba kama kidole ukinyoosha mkono, nenda. Jua likishuka hadi kwenye ufa huo litaangaza mawingu kwa chini, na jiji lote litageuka rangi ya chungwa kwa dakika tano au sita.

Bila ufa, nenda pia, ila sahau dhahabu na ungoje bluu tu. Chini ya wingu zito bluu huja mapema, dakika tano hivi kabla ya ratiba, na hukolea haraka. Siku isiyofaa kweli ni ile ambayo kutoka Uhuru Park huoni paa la KICC. Ukungu ukishuka hadi hapo, taa zote huwa pamba.

Jioni chache zenye anga wazi huleta zawadi nyingine upande wa mashariki: mkanda wa waridi juu ya majengo, na chini yake rangi ya bluu-kijivu, ambayo ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda. Huonekana kuanzia dakika tano baada ya jua kuzama. Haudumu.

Vifaa, na mavazi

Baridi ya Nairobi si ya theluji. Jioni ya Julai huwa digrii 13 hadi 16 na hushuka usiku kuelekea 10. Betri hupungua nguvu kidogo tu. Kinachoharibu picha ni upepo na unyevu. Tripodi nzito kiasi ni lazima. Fungua kwanza miguu minene, usiinue nguzo ya katikati, na uning'inize begi kwenye ndoano yake ya chini likigusa ardhi kidogo. Begi linalobembea hewani hutikisa kamera kuliko upepo wenyewe, na likiwa hapo pia mtu hawezi kulibeba bila wewe kujua. Kwenye daraja la waenda kwa miguu hakuna tripodi itakayokusaidia: kila mtu anayepita na kila lori hutetemesha sakafu.

Beba vitambaa viwili vya kufutia lenzi, kimoja mfukoni mwa ndani kikae kikavu. Betri ya akiba pia ikae mwilini. Kofia ya lenzi, remoti au kipima-muda cha sekunde mbili, na tochi ndogo. Kadi nyeusi ya ukubwa wa daftari, kazi yake inakuja. Kwa mwili: jaketi la kuzuia upepo (soko la mitumba la Gikomba lipo kwa bei ya chakula cha mchana), marvin, yaani kofia ya sufu, na glavu zilizokatwa ncha za vidole. Viatu visiwe vya kitambaa, maana nyasi za bustani jioni zimelowa, na mtu mwenye soksi mbichi huanza kufungasha saa 12:45. Chupa ya chai ya tangawizi inakubakisha pale.

Dakika kwa dakika

Fika saa 11:45. Panga fremu kukiwa na mwanga, hakikisha kuta za majengo zimesimama wima, na usibadilishe tena isipokuwa kwa sababu nzito. Weka kamera kwenye M (unapanga mwanga mwenyewe), ISO 100 (kiwango cha sensa kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8, faili la RAW, yaani ghafi. Rangi ya mwanga iweke mwenyewe karibu Kelvin 4,000, kwa sababu kamera ikiachiwa hujitahidi kufuta bluu ile ile uliyoifuata.

Saa 12:20, kukiwa bado kweupe, fanya fokasi. Kuza picha kwenye skrini mara kumi, tafuta kona ya dirisha la KICC, zungusha pete hadi ukingo uwe mkali kama umekatwa kwa wembe, kisha uhamishie fokasi kwenye mkono na ubandike kipande cha selotepu juu ya pete. Ukingoja giza, mashine ya fokasi itazunguka ikitafuta na kusimama popote. Zima kizuia-mtikisiko, kwani kwenye tripodi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza. Zima pia kile kipengele cha kusafisha chembechembe kwenye picha za muda mrefu. Hiki hula muda: picha ya sekunde 10 inafuatwa na sekunde 10 nyingine za kamera kujishughulisha, na nusu ya dakika zako kumi imepotea.

Jua likiwa bado kwenye majengo, shata ya 1/60 ya sekunde ni mwanzo mzuri. Likizama, 1/15. Kufikia saa 12:50 utakuwa kwenye sekunde 1 hivi, na saa 1:00 kwenye sekunde 8. Namba hizi ni za kuanzia. Siku ya wingu zito ongeza mara mbili. Kila dakika tatu tazama histogramu (mchoro wa mwanga kwenye skrini) na uongeze muda maradufu. Piga picha moja kila sekunde thelathini, hata kama anga inaonekana haijabadilika. Ukirudi nyumbani utagundua kwamba kati ya ishirini, mbili au tatu tu ndizo ambazo dirisha lenye taa na anga iliyo nyuma yake vina nguvu sawa, na huwezi kujua ni zipi ukiwa umesimama pale, kwa sababu jicho lako linazoea giza.

Mabango ya LED ndiyo adui mkubwa wa sekunde 4 na zaidi. Hubadilika rangi katikati ya picha na kuungua yakawa weupe mtupu. Hapo ndipo kadi nyeusi inapotumika: shata ikifunguka kwa sekunde 6, ziba sehemu yenye bango kwa kadi mbele ya lenzi kwa sekunde 4 za mwanzo, ukiitikisa taratibu juu na chini bila kugusa lenzi, halafu iondoe. Ukingo hauonekani, kwa sababu kadi haikusimama mahali pamoja. Inataka mazoezi mara tatu nne. Usipoitikisa utapata mstari.

Saa 1:05 anga imekwisha. Bado unaweza kupiga mistari ya magari kwa sekunde 10 au 15, lakini anga nyeusi itafanya ionekane kama kadi ya posta.

Yanayoharibika mara nyingi

Taa zote zina duara jeupe lililopauka: kuna matone kwenye lenzi. Manyunyu ya Julai huyasikii usoni, ila kioo kinayajua. Mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni kila baada ya picha tatu au nne. Matone yatameta kama chumvi. Gusa kwa kitambaa, usisugue.

Majengo yako makali lakini matawi ya miti yamefutika: ni upepo. Piga picha moja ya ziada saa 12:35 kwa ISO 800 na 1/125 ili uchanganye matawi yake baadaye, au ukate miti nje ya fremu. La pili ni bora.

Kila kitu kimeongezeka mara mbili, kama mtu aliyeona kizunguzungu: umebonyeza kwa kidole, au mguu mmoja wa tripodi umezama kwenye udongo laini. Baada ya mvua, weka vipande vitatu vya mbao au mawe bapa chini ya miguu.

Mistari myeusi ya kulala inapita kwenye taa: kasi ya shata ni kubwa mno kwa taa za umeme, ambao hapa kwetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Teremka chini ya 1/50.

Ukiwa na simu tu

Simu ya miaka ya karibuni inaweza, mradi isimame. Ifunge kwenye kishikio cha tripodi, bonyeza kwa muda mrefu juu ya madirisha yenye taa hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha shusha mwangaza kwa kidole hadi madirisha yaache kuwa mabaka. Tumia hali ya usiku na kipima-muda cha sekunde tatu. Usikuze kwa vidole kupita lenzi halisi ya simu. Simu nayo hufanya vizuri zaidi anga likiwa bado na mwanga, kwa hiyo anza dakika tano mapema, saa 12:45.

Kurudi nyumbani

Lenzi iliyokaa saa moja kwenye digrii 13 ikiingizwa kwenye matatu iliyojaa, madirisha yamefungwa na watu wamelowa, hufunikwa na mvuke papo hapo, na mvuke huo huingia hadi ndani. Toa kadi ya picha ukiwa bado nje, uitie mfukoni. Funga kamera kwenye begi, zipu hadi mwisho, na ukifika nyumbani usilifungue kwa dakika 40, hadi chuma kipate joto la chumba. Tripodi ni kinyume chake: ikunjue mara moja, vuta miguu yote, ifute, na uiache imesimama wazi hadi asubuhi. Maji yaliyobaki kwenye viungo ndiyo yanayofanya mguu ukwame jioni inayofuata, saa 12:48, mvua ikiwa imekatika na ufa umefunguka upande wa Kikuyu.